Karatasi Aliyosomewa Mukonyo

Mukonyo alikuwa ameinamia beseni la matumbo nyuma ya kichinjio cha mji wa Kitengela, shemeji yake Maundu alipomjia na bahasha.

"Nawa mikono twende kwa wakili," Maundu alisema. "Ni dakika tano tu. Unaweka kidole, title ya ploti inatoka kwa jina lako."

Mulinge, mumewe Mukonyo, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, 2003, akamwachia ploti ya robo ekari na nyumba ya mabati. Mukonyo hakujua kusoma. Mambo ya karatasi alimwachia Maundu, kwa kuwa ndiye aliyesimamia mazishi.

Wakili Githongo, aliyejulikana kwa kugonga muhuri bila kuinua macho, siku hiyo alikuwa kortini Kajiado. Maundu akasonya. Wakapanda ngazi za jengo la jirani hadi kwa Kafiya Yonis, wakili msichana aliyefungua ofisi juzi juzi.

Maundu alisukuma karatasi mezani, akafungua kibati cha wino na kukishika kidole gumba cha Mukonyo.

"Ngoja," Kafiya alisema. "Mama anajua Kizungu?"

"Nimeshamwelezea."

"Mimi sijasikia ukimwelezea. Na hapa naandika kwamba ameelewa, halafu akaweka kidole mbele yangu. Tupishe kidogo, mzee."

Maundu alinung'unika kwamba bodi ya ardhi inawangoja, lakini alitoka. Kafiya akaanza kusoma kwa Kiswahili, pole pole. Mimi, Mukonyo, mjane wa Mulinge, kwa hiari yangu nampa Maundu ploti yangu, na sina dai lolote...

"Rudia hapo," Mukonyo alisema.

Kafiya akarudia.

Mukonyo alikisukuma kibati cha wino kando. "Sijampea mtu ploti," alisema. "Siweki kidole."

"Basi hii haina kazi. Kesho urudi tuandikie ofisi ya ardhi, ploti isihamishwe bila wewe."

Mukonyo aliitazama ile karatasi. "Na kama tungempata yule Githongo?"

"Muhuri wake una nguvu sawa na wangu, mama. Huko ofisi ya ardhi hakuna anayeuliza kama ulisomewa."

Maundu alikuwa akingoja kwenye ngazi. "Umemaliza?"

"Nimemaliza," Mukonyo alisema. "Nimesomewa yote."

Akampita, akashuka kurudi kazini.