Baridi ya Mama Mpano

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, Mukankuranga aliinua bidoni lake la njano, dumu lile alilolitoboa matundu kwa msumari wa moto, akamwagilia kabichi za mstari wa kwanza. Maji yalitoka vizuri. Yalipofika kwenye majani yalikuwa yameshaganda, yakadunda, yakatawanyika kama mchele ulioanguka kwenye sementi. Aliyatazama kidogo, akalivuta sweta lake mpaka likafunika kiuno, akahamia mstari wa pili.

Ng'ambo ya tuta, jirani yake Marthe alikuwa akipalilia lengalenga, yaani mchicha, mabega wazi, jasho likimchuruzika hadi kwenye viwiko. Kwake mji wa Baraka ulikuwa ule wa siku zote: jua, vumbi, na joto linalopanda kutoka ziwani likiwa limeshalowana.

"Mama Mpano," Marthe alisema bila kuinua kichwa, "hiyo baridi yako inanipiga kwa muguu."

"Toa muguu kwa shamba ya watu."

"Ni kidole moja tu."

"Basi kikatafutie soksi."

Marthe alikirudisha kidole upande wa jua, akakipapasa, akaendelea kupalilia. Walikuwa majirani wa shamba kwa misimu kadhaa, kando ya mto Mutambala, na hawakuwa na sababu ya kuhangaika.

Baridi hiyo ilikuwa imeshuka wiki iliyotangulia. Aliyeileta ni Eddy, dereva wa pikipiki, na hakuficha. Aliipakia kule juu, mahali barabara inapoanza kuuacha mlima, akidhani ni abiria asiyependa maneno. Mgongo wake ulikufa ganzi mpaka mjini Fizi. Kwenye kila kizuizi askari walijikunyata, wakashusha kamba haraka na kumpungia mkono apite. Hakuna aliyeiuliza baridi inatoka wapi, inakwenda kwa nani, na kufanya nini. Mukankuranga aliposhuka miaka ya nyuma kwa barabara hiyohiyo, kwa miguu, kifurushi kichwani na mche kwenye kopo mkononi, aliulizwa maswali hayo kwenye kila kamba, na kuna kamba aliyoulizwa na mlevi aliyekuwa anapita tu.

Aliitambua baridi mara tu ilipoingia shambani. Kila mlima una baridi yake. Ya kwao ilikuwa na tabia ya kuanzia magotini, kisha ikapanda polepole kama mtu anayeomba radhi, na ilinukia nyasi mbichi na moshi wa mavi ya ng'ombe.

"Na wewe umefukuzwa?" aliiuliza kwa lugha ya mama yake.

Baridi haisemi, lakini mtu akishinda nayo siku nzima akichimba hujua habari zake. Kule juu hapakuwa na mtu tena. Nyumba zilichomwa, ng'ombe walichukuliwa na watu ambao mpaka leo hawajaulizwa, mazizi yakabaki miti mitupu. Kiangazi kilipofika, baridi ilikwenda kupiga hodi mlango kwa mlango ikakuta hakuna milango. Hapakuwa na moto wa kuzungukwa, wala blanketi la kugombaniwa. Baridi isiyo na mtu wa kuitetemekea haina kazi. Ikafanya kama walivyofanya wengine: ikashuka kutafuta jamaa.

Ilikaa kwenye shamba lake tu, kigingi hadi kigingi, na haikuzidi hata unene wa kamba. Suala la kidole cha Marthe lilibaki na ubishi.

Habari zilienea sokoni, na watu walipokea jambo lile kwa heshima yake. Gentille, muuza samaki, alikuja na beseni la mikeke iliyovuliwa usiku, akaomba kuilaza katikati ya kabichi mpaka wateja waamke.

"Na kama inanuka?" Mukankuranga aliuliza.

"Ni samaki, mama. Ikinuka maua ndiyo uniite."

Kwaya ya vijana nayo iliomba nafasi siku ya Alhamisi, kwa kuwa waimbaji wa besi walikuwa wamegundua kwamba sauti hushuka zaidi mtu akiwa anatetemeka. Mwalimu mmoja alileta darasa zima kuangalia jivu jeupe la barafu lililokuwa juu ya majani. Wanafunzi waligusa, wakalamba, wakaandika kwamba halina chumvi. Mchungaji alipita, akasimama dakika chache ndani ya vigingi, akasema sasa anaelewa vizuri zaidi kwa nini watu wa milimani huomba kwa sala fupi.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Papa Jacques. Ukingo wote ule wa mto ulikuwa wa babu yake, kisha wa baba yake, kisha wake, na wakulima wote wa pale walikuwa wamekopa udongo kwake. Yeye ndiye aliyekuwa pia kiongozi wa kikundi chao, maana hapakuwa na sababu ya kuwasumbua watu wawili kwa kazi hizo mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda utani, alizika watu wote, na alikuwa na sheria moja tu, ambayo aliikuta kwa babu yake: mkopaji apande kitu cha kuliwa na kuisha. Lengalenga sawa, nyanya sawa, kabichi sawa. Mgomba hapana, mwembe hapana, hata muhogo wa miaka miwili alikuwa anautazama kwa jicho la pembeni. Kitu kinachokaa kinamkalisha aliyekipanda.

Na hapo ndipo Mukankuranga alipokuwa na shida yake, ambayo hakumwambia mtu.

Mche ule kwenye kopo ulikuwa wa maprune, yale matunda mekundu yenye umbo la yai ambayo kule juu hukamuliwa juisi. Ulitoka kwenye mti uliokuwa nyuma ya nyumba yake. Ndicho kitu pekee cha nyumba ile ambacho hakikuungua, kwa sababu kilikuwa mkononi mwake. Tangu afike ziwani mche ulikuwa umekataa kufa na umekataa kukua. Kila kiangazi ulikunja majani kama mzee anayekunja mikono na kusubiri. Baridi ilipokuja, ukanyooka. Ukatoa majani mapana kama sikio la ndama. Ukaanza kulijaza kopo. Ukiacha kurudi kwao, jambo ambalo halikuwa mikononi mwake, Mukankuranga alitaka kitu kimoja tu duniani: kuuona mti ule uko ardhini kabla yeye mwenyewe hajaingia humo.

Alifikiri siku kadhaa. Kisha akachimba shimo kati ya kabichi, akaliweka kopo humo pamoja na mche wake, akafukia mpaka ukingo.

Marthe alikuwa amesimama upande wa jua na jembe lake.

"Umepanda muti, Mama Mpano."

"Sijapanda. Nimeweka kopo."

"Kwa shimo."

"Ili isianguke. Upepo iko mingi."

Hapakuwa na upepo. Marthe alilitazama ziwa lililolala kama sahani, akatazama mche, akasema kwamba kweli, upepo wa siku hizi ni mkali. Akarudi kwenye lengalenga zake.

Kopo lilikuwa la nyanya, la bati jembamba, na kutu ilikuwa imeshalianza. Mizizi haikuambiwa kuhusu makubaliano. Mti ulipomfika Mukankuranga kiunoni, Papa Jacques alipita kuangalia baridi yake, akausukuma mti kwa kidole, ukakataa kuyumba.

"Mama Mpano," alisema kwa huzuni ya kweli, "hii kopo yako iko na nguvu sana."

Mkutano uliitishwa. Ulifanyika shambani kwa Mukankuranga, kwa sababu kwingine kote kulikuwa na joto. Wakulima walikuja na mablanketi, wakakaa kwenye matuta, pumzi zikiwatoka kama moshi wa jikoni. Mtu aliwasha moto wa mabua. Jacques alijifunika mpaka masikioni, ikabaki pua ya kuongozea mkutano.

"Mi siko na ubaya na mama huyu," alianza. "Kabichi zake ni nzuri. Lakini muti iko na mizizi. Leo iko hapa, kesho mujukuu wake anakuja na kusema, muti ya tate wangu ile, basi na chini yake ni yetu. Bote munajua vile bintu binaanzaga."

Watu walitikisa vichwa. Walijua vile vitu huanza. Kila mmoja wao alikuwa na jamaa aliyewahi kuanza au kuanziwa.

"Papa Jacques," Marthe alisema kutoka ndani ya blanketi, "mbona hata baridi ni mugeni? Tena ilifika nyuma yake."

Jacques alilifikiria jambo hilo kwa uzito wote liliostahili.

"Baridi ni kama mvua," alisema hatimaye. "Mvua ikianguka kwa udongo yangu, mi siiulize kwabo ni wapi. Haina mizizi. Haina bajukuu."

"Na ikienda, mikeke yangu itaoza," Gentille aliongeza.

"Na kwaya?" aliuliza mmoja wa besi.

Ikapigwa kura. Mikono ilitoka kwenye mablanketi kwa muda mfupi uliowezekana. Ilikubaliwa bila kupingwa kwamba baridi ibaki na mti utoke. Marthe naye alinyoosha mkono, akiwa anatazama upande wa mto. Naye alikuwa amekopa udongo.

Mukankuranga alisimama, akafunga kitenge chake vizuri.

"Ni sawa. Muti ikitoka, na mi natoka. Ile baridi ilinifuata mi. Mutaona yenyewe itafanya nini."

Hilo lilikuwa kweli na kila mtu alilijua. Jacques alitoa masikio nje ya blanketi. Gentille aliangalia beseni lake. Mukankuranga alipita kati ya kabichi, akavuka kigingi, akaenda hadi ukingoni mwa mto, akasimama akiipa mgongo Baraka nzima. Akasubiri.

Alisubiri magoti yake yapoe. Joto lilimpanda kutoka kwenye kokoto. Akavua sweta. Akasubiri tena kidogo, jasho likamtoka kwenye paji, kisha akageuka kutazama.

Baridi ilikuwa imekaa palepale. Ilikuwa inazunguka magotini kwa watu wa mkutano, ikipanda polepole kwa adabu yake, mtu baada ya mtu. Kulikuwa na moto wa kuuzunguka. Kulikuwa na blanketi ambalo Marthe na Gentille walikuwa wanavutana, kila mmoja akimwita mwenzake mchoyo. Baridi haikuwa imepata kazi nyingi hivyo tangu vita ipande mlimani.

Mukankuranga hakuilaumu. Yeye mwenyewe angefanya vilevile kama angeruhusiwa.

Alirudi, kwa sababu kabichi zilikuwa bado hazijafunga vichwa na mtu hali hasira. Jacques alichukua jembe kwa mkono wake mwenyewe, akauchimbua mti taratibu, kama anayemtoa mgonjwa kitandani. Kopo lilikuwa limepasuka zamani. Mizizi myeupe ilikuwa imekwenda mbali, urefu wa mkono, na jembe lilipoifikia Jacques alipunguza nguvu. Watu waliinama kutazama. Hata besi.

Aliposhika mti mkononi, akaona ulivyo mzuri, moyo ukamwingia.

"Sikia, Mama Mpano. Unipatie mi. Niupande mi mwenyewe, hapahapa, kwa shimo hili hili. Batu basema ni ya Jacques. We utachuma matunda yote. Ni jina tu."

Ilikuwa ahadi ya kweli, na shimo lilikuwa wazi, na mizizi ilikuwa inakauka hewani. Mukankuranga aliutazama mti, akalitazama shimo.

"Hapana, papa," alisema. "Iko na mwenyewe."

Akachukua bidoni lake la kumwagilia, akalikata shingo kwa panga, akalijaza udongo wa njiani, ambao si wa mtu, akausimamisha mti humo. Akaliweka juu ya jiwe pana katikati ya shamba. Kikundi kilijadili na kukubali kwamba bidoni juu ya jiwe si ardhi.

Mti uliendelea vizuri kadiri bidoni linavyoruhusu. Kila Jumamosi Jacques hupita, huliinamisha bidoni na kulitazama chini, kwa umakini wa mtu anayekagua nepi ya mtoto. Yale matundu ya msumari yako pembeni, na mzizi mmoja mmoja huchungulia. Mukankuranga huukata kwa wembe kabla ya Ijumaa kuisha, ili Jumamosi isiwe na maneno.

"Iko safi," Jacques husema, na huondoka na prune mbili.

Mvua za mwezi wa kumi zilipoanza, baridi haikwenda popote. Mukankuranga alivuna kabichi, akang'oa mashina, akasawazisha udongo ukawa mtupu kama alivyoupokea. Kisha akabeba kuku kwapani, akaenda kwa Jacques kuomba upya, kama mkopaji anavyopaswa kila msimu. Jacques alitoka na kiti, akakaa, akavaa uso wa kazi.

"Nani anaomba?"

"Mugeni."

"Anaomba nini?"

"Udongo ya musimu moja."

"Atarudisha?"

"Atarudisha."

Jacques alimpokea kuku, akamshika kifuani. Kuku alikuwa ameshinda shambani na miguu yake ilikuwa kama vijiti vya barafu. Jirani aliyekuwa anapita njiani alisimama kusalimia, na Jacques akamnyanyulia kuku juu ili naye aguse.

"Shika hapa, usikie," alimwambia kwa fahari. "Hiyo ndiyo baridi ya kwetu."