Mwati wa Hamza na Chafya za Sefania

Chafya ya kwanza ilimfika Mzee Sefania Shekiondo katikati ya ubeti wa pili, mdomo ukiwa kwenye besi, lile tarumbeta kubwa ambalo mpigaji hulikumbatia kama aliyepakata mtoto. Sauti iliyotoka upande wa pili haikuwa ya wimbo. Vijana wa tarumbeta ndogo walijikaza. Ya pili ilipokuja walishindwa, na kwenye ya tatu hata Anord, mwalimu wa bendi, aligeukia ukuta wa kanisa mabega yakimtikisika.

Zilikuwa saba. Sefania alizihesabu mwenyewe, akafuta mdomo wa tarumbeta kwa kitambaa cheupe, akakaa wima.

"Tuendelee," akasema.

Walipomaliza mazoezi, Anord alimfuata nje.

"Babu, nina neno."

"Sema, usizunguke."

"Pasaka imebaki wiki sita. Alfajiri ile makaburini hatuna kinanda wala kipaza sauti, ni sisi tu. Besi likikatika, wimbo wote unabaki kama nyumba isiyo na nguzo. Nimefikiri mwaka huu upumzike. Emanueli ashike besi, wewe ukae mbele na wazee wenzako."

"Emanueli hana hata mwaka tangu ajue kulishika."

"Ndiyo, babu. Lakini hapigi chafya."

Sefania alitazama chini, kwenye makaburi yaliyokuwa mteremko mmoja na kanisa. Kila Pasaka, kabla jua halijagusa kilele cha mlima, Walutheri wa kijiji kile hukusanyika pale, na tarumbeta huwaambia waliolala habari ya ufufuo kabla walio hai hawajahubiriwa. Kwa miaka arobaini na moja alikuwa amepiga besi asubuhi hiyo, na mkewe Raheli amesimama kushoto kwake na kile kitambaa cheupe alichokishona kwa mkono. Mwaka huu Raheli asingesimama. Alizikwa Agosti. Safari hii naye alikuwa miongoni mwa watakaopigiwa. Sefania aliona kwamba asipompigia yeye mwenyewe, atakuwa amemwacha mkewe apewe habari na mtu baki.

"Nipe mpaka Jumapili ya Mitende," akasema. "Nikipiga chafya siku hiyo, besi la Emanueli."

Sefania hakuwa mtu wa kubahatisha. Kusoma alijifunza akiwa na miaka ishirini na mbili, kwenye kisomo cha watu wazima, baada ya kutwa nzima ya kusukuma magogo kiwandani. Mwalimu wao alikuwa na msemo: usichokiandika kitakudanganya. Tangu hapo Sefania aliandika kila kitu, kuanzia siku za mvua, mbegu zilizoota, hadi kuku walioatamia. Basi alifungua ukurasa mpya, akaandika juu CHAFYA kwa herufi kubwa, akapiga mistari: tarehe, saa, mahali, idadi, hali ya hewa, chakula.

Baada ya siku tano alikuwa na mshitakiwa. Kila alipofungua dirisha la chumbani asubuhi, alikutana na mwati, mti wa jirani yake Hamza, umejaa maua ya njano kichwa hadi miguu, na kila alipoutazama alipiga chafya.

Alikwenda zahanati kwanza. Muuguzi Glory alimpokea kwa shikamoo, akamwangalia puani kwa tochi.

"Huu ni mzio, babu. Unavuta sigara?"

"Niliacha. Kanisa zima ni shahidi."

Glory alimpa vidonge, akamwambia akae mbali na vumbi. Vilimtia usingizi, chafya zikabaki.

Kuhusu sigara hakusema uongo, au ndivyo alivyojiambia. Raheli, katika siku zake za mwisho, alimwomba jambo moja tu, aache sigara. Krismasi binti yao Janeth alipopanda kutoka Tanga alimletea sigara ya umeme, chombo cha buluu kilicho kama kalamu nene. "Baba, anza na hii, hata jivu haina," alisema. Na kweli, pakiti ya mwisho ya sigara ilitupwa chooni kabla mwaka haujageuka. Jumapili ya kwanza ya Januari Sefania alisimama mbele ya madhabahu na sadaka ya shukrani, mkungu wa ndizi na jogoo. Vilinadiwa nje baada ya ibada na watu wakampigia makofi. Ila kile chombo cha buluu hakukitaja. Kilikaa kabatini chini ya mashati ya Jumapili, naye alikivuta alfajiri dirishani, akakivuta tena jioni, hata kabla ya mazoezi ya bendi, mvuke wake ukinukia mapeasi. Sigara huwashwa kwa kiberiti, alijiambia, hii haiwashwi. Kwenye daftari hakukipa mstari.

Akamwendea Hamza.

Hamza alikuwa rika lake, mkulima wa kabichi na nyanya, na shamba lake lilipakana na la Sefania tangu enzi za baba zao. Mwaka huo Ramadhani na Kwaresima ziliingia pamoja, na Sefania alimkuta amekaa chini ya mwati ule ule, midomo mikavu, anasuka matenga ya kupakia nyanya.

"Onga mshi, mghosi," Sefania akasalimu kwa Kisambaa. "Nimekuja kwa sababu ya mti wako."

"Umekukopa?"

"Unanipigisha chafya."

"Huu? Umesimama hapa miaka thelathini, leo ndiyo umekuchukia?"

"Nimeandika, Hamza. Siku tano. Ushahidi upo."

Hamza alicheka, akatazama juu. Mti ule aliupanda baba yake kuzuia udongo wa tuta usiporomoke, na ndio uliompa kivuli mwezi huo wa funga.

"Ni kwa ajili ya Raheli?" akauliza. "Ile alfajiri ya makaburini?"

Sefania aliitikia kwa kichwa.

"Basi nitaukata. Ila baada ya Idi. Shoka na funga haviendi pamoja." Akageuza tenga. "Na hili tuta likishuka, utakuja kulipandisha wewe na daftari lako."

Sefania hakutegemea kupewa kirahisi namna ile, akaona haya. Matenga yaliyosukwa yalikuwa manne, na nyanya zilikuwa zinaiva kwa mamia. "Lete mianzi," akasema, akaketi.

Ikawa desturi. Kila siku saa tatu asubuhi alishuka kwa Hamza kumsaidia kusuka, akapanda kwake saa kumi. Kwa kuwa mwenye adabu hali wala hanywi mbele ya aliyefunga, Sefania naye hakuonja kitu saa hizo zote. Chombo cha buluu alikiacha kabatini. Kumpulizia mvuke wa mapeasi mtu mwenye njaa kungekuwa ukatili.

Hata hivyo harufu haikujificha sawasawa. Siku ya tatu Hamza alivuta pua.

"We mzee, mapeasi yangu bado magumu kama mawe. Ya kwako yameiva lini? Nguo zako zinanukia, halafu jioni hata moja huniletei nifuturu?"

"Sabuni," Sefania akajibu, asiinue macho.

"Janeth anakuharibu na sabuni za mjini."

Siku ya tisa upepo ulivuma kutoka bondeni, na mwati ukatikisika. Maua yalidondoka kama pumba, yakajaa kwenye tenga, kwenye magoti, kwenye kofia ya Sefania. Hamza aliacha kusuka, akamkazia macho.

"Unaniangalia nini?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Chafya. Mti wangu umekumwagia mzigo wote, mpaka kwenye nyusi. Piga basi, tuone."

Sefania alivuta hewa. Pua ilikuwa wazi kama dirisha lisilo na kioo. Alivuta tena, safari hii akaliinamia tawi lililoning'inia. Kimya.

"Siku tisa uko chini ya mti huu," Hamza akasema polepole. "Sijakusikia hata moja. Mwanzoni nilidhani ni baraka ya Ramadhani, sasa nadhani mti wangu umeshitakiwa bure. Nyumbani kwako kuna nini ambacho hapa hakipo?"

Sefania aliaga mapema, akapanda kwake, akavaa miwani, akafungua daftari. Lilikuwa wazi mbele ya macho yake siku zote. Alfajiri: sita, nane, tano. Jioni: saba, tisa. Saa tatu mpaka saa kumi, mahali "kwa Hamza": sifuri, na sifuri, na sifuri, zimejipanga chini kama mayai kwenye kiota. Alikuwa ameziandika kwa mkono wake mwenyewe asizisome. Aliandika yote isipokuwa kitu kimoja, na hicho ndicho kilichomdanganya. Mwalimu wake aliyasema hayo karibu miaka hamsini iliyopita.

Akachukua rula, akapiga mstari mpya pembeni. Juu yake akaandika: CHOMBO.

Siku nne hakukigusa. Ya kwanza alipiga chafya tatu, ya pili moja, ya tatu na ya nne hakupiga. Lakini zilikuwa siku ndefu. Mikono ilimwasha, alimfokea kuku, na mara mbili alijikuta mbele ya kabati hajui ametembea saa ngapi. Siku ya tano, ili asije akasema amebahatisha, alikivuta makusudi dirishani. Alipiga chafya kumi na mbili kabla uji haujapoa.

Asubuhi hiyo hiyo alikwenda zahanati akakiweka juu ya meza ya Glory.

"Uliponiuliza, nilikujibu nusu," akasema.

Glory alikigeuzageuza. "Babu, mficha maradhi... unaujua mwisho wake."

"Naujua. Nimeufundisha wengine."

"Mvuke wa hivi vitu huwawasha baadhi ya watu pua na koo. Wengine hawadhuriki puani, kwa hiyo nisingeapa. Lakini daftari lako limeeleza kuliko tochi yangu." Alisoma maandishi madogo ubavuni. "Na ina nikotini hii, ndiyo maana umemfokea kuku. Hamu itakusumbua wiki kadhaa. Njoo hapa kila Jumatatu. Na mikono uipe kazi."

"Ina kazi. Nasuka matenga."

Alipotoka alishuka moja kwa moja kwa Hamza, akamweleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi, na sadaka ya Januari pia. Hamza alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo si sabuni," akasema.

"Si sabuni."

"Mghosi, ulitaka kuua mti wa marehemu baba kwa kosa la kalamu!" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kaa chini. Hilo tenga la jana umelisuka upande, nyanya zitamwagika kabla hazijafika Mombo."

Sefania akakaa. Hakuna aliyemfanyia wema mkubwa kuliko kicheko kile. Funga ya Hamza ilimtoa kwenye chombo bila mwenyewe kujua, na mti aliotaka ukatwe ndio uliomfumbua macho. Badala ya kumshukuru kwa maneno, akafumua tenga akalianza upya.

Kwa Anord ndiko kulikomtia jasho. Jumapili ya Mitende, kabla ya mazoezi, alisimama mbele ya bendi nzima, vijana wa umri wa watoto na wajukuu wake.

"Januari nilishukuru kwa kuacha kuvuta," akasema. "Nilikuwa nimeacha nusu. Leo nina wiki mbili kasoro siku mbili tangu niache yote, nimeandika. Mkiona sistahili besi, semeni."

Vijana walitazamana. Emanueli ndiye aliyeliinua besi kutoka kwenye kiti, akampakatisha.

"Shika, babu. Lenyewe zito, mgongo unaniuma."

Walipiga beti zote nne. Anord alikuwa anaongoza kwa mkono mmoja, wa pili ameukunja kifuani kama anayengoja radi. Radi haikuja.

Pasaka iliwakuta kwenye ukungu. Watu walisimama kati ya makaburi na kanga mabegani, pumzi zao zikionekana. Sefania alikuwa ameweka kitambaa cheupe juu ya kaburi la Raheli ili asikitafute. Alipogeuka kushoto kwake, pale alipozoea kuona mtu, palikuwa na mtu. Hamza, koti limefungwa mpaka kidevuni, kofia ya Idi kichwani.

"Umetoka msikitini huku?"

"Nimeswali nikaja. Lazima mtu ashike kitambaa chako," Hamza akanong'ona, akakiokota. "Piga, mwenzio anasubiri."

Anord akainua mkono. Sefania akavuta pumzi kutoka chini kabisa, pumzi ambayo kwa miaka mingi hakuwa nayo, akaipeleka yote ndani ya besi. Sauti iliteremka juu ya kaburi, ikashuka mteremko, ikavuka kabichi za Hamza na mwati uliokuwa bado umesimama, ikagonga mlima wa pili na kurudi. Alimpigia Raheli beti zote nne. Alimpigia ombi lake alilolitimiza kwa kuchelewa, na kila mtu aliyemsaidia kulitimiza.

Mlio wa mwisho ulipozama kwenye ukungu, palikuwa kimya kiasi cha kusikia umande ukidondoka. Ndipo chafya ikalipuka.

Bendi nzima iligeuka kumtazama Sefania. Anord alifumba macho.

"Si mimi," akasema Sefania.

Hamza alikuwa amejiziba pua kwa kitambaa cha Raheli, macho yanamtoka machozi. "Baridi," akasema. "Wallahi ni baridi tu."

"Tutafungua ukurasa wako kesho," Sefania akamwambia. "Sasa sema neno lenu lile."

"Alhamdulillahi," Hamza akasema.

"Amina," Sefania akaitikia, na hakuwa akiitikia chafya peke yake.