Bahasha Chini ya Mkataba

Mimi ndiye daktari wa timu. Asubuhi ya siku ya usajili nilimpima mshambuliaji mkongwe, nikaandika ripoti: goti la kushoto limekwisha, asisajiliwe. Nikaifunga kwenye bahasha, nikamkabidhi mwenyekiti wa klabu mkononi, nikimwambia goti halifai.

"Daktari, acha uchuro wako," alinijibu. "Mashabiki wanamtaka."

Hakuifungua. Aliitupa mezani, akatandaza mkataba juu yake, mkongwe akasaini huku kamera zikimmulika.

Mechi ya kwanza, dakika ya tisa, mkongwe aliukimbilia mpira akaanguka mwenyewe, hakuguswa na mtu. Tulimtoa kwa machela.

Leo mwenyekiti kaniita mbele ya kamati, akaniuliza kwa macho makavu: "Mbona hukutuonya?"

Nikaichomoa bahasha kwenye faili lake mwenyewe. Gundi haijabanduliwa, na juu yake kalamu ya mkongwe imeacha alama ya sahihi.