Usimpigie

…halafu unaing'oa ile o ya mwisho, nawaambia, ndivyo Kihispania kinavyokataza, hablo ya hablar inabaki habl, unatia es, no hables, usiseme, comer nayo inachukua as, no comas, usile, kazi yenyewe ni hiyo tu, na yule mwanafunzi wanayemwita Redio kanyoosha mkono, "Mwalimu, kumbe -ar na -er ni majirani, wanaazimana irabu kama chumvi?", darasa linacheka, natabasamu kwa adabu, ndiyo, wanaazimana, haya, mfano mwingine wa -ar, na mkono umeshaandika wenyewe, llamar, no llames, tafsiri inanibakia kinywani, usipige simu… usimpigie, baba'ke, ana mtihani, usimvuruge mtoto, hayo ni ya mke wangu, Jumatatu, kitandani wodini, nami nikasema haya, simu nikaiweka mfukoni siku tatu, daktari akanivuta koridoni, "Mzee, kama kuna wa kuitwa, aitwe leo," nikamjibu mwenyewe kakataza… "Mwalimu, hizo l mbili zinatamkwaje?", kama y, namjibu, kama y tu… binti yetu alifika mama yake akiwa mochwari, hakulia, aliniuliza, "Baba, hata kunipigia?", nikasema ni mama yako, alikataza, na kwa miezi minne sasa hajakanyaga kaburini, dada'ngu akimbembeleza anasema, "Si hakunitaka, shangazi, niende kufanya nini?", nami nasikia, namwachia aamini hivyo, ilhali Alhamisi mchana mama yake alifumbua macho, hakunitazama mimi, alitazama mlango, akauliza, "Amefika?"… amefika, miaka ishirini na mbili ya ndoa, alijua nitamkaidi, makatazo yake yalikuwa ya mdomoni, usininunulie koti, nina koti, nikanunua, akalivaa mpaka viwiko vikatoboka, nami nikamwambia yuko njiani, njia ipi, namba sikuibonyeza, niliogopa kumsikia mtoto akilia, basi, si utiifu, ni woga, nikajibanza nyuma ya neno la mgonjwa, na sasa najibanza nyuma ya marehemu… "Mwalimu, tunakili?", nakilini, nasema, ama nadhani nimesema, bado wananitazama, kengele haijalia, kitenzi kiko ubaoni bila tafsiri, na mimi namtafutia mwanangu sentensi ya kwanza, naigeuza, naipunguza, mama yako alikuulizia, mama yako alikungoja akitazama mlango, aliyekunyima ni mimi.