Sahani ya Brock

Torvik ni mji mdogo wa kaskazini mwa Minnesota, na shule yake ya sekondari ina uhaba wa vijana wembamba. Jimbo linaruhusu watoto wa darasa la nane wapigane mieleka pamoja na wanasekondari, na Torvik haikusubiri kuambiwa mara mbili. Ilichouliza ni kimoja tu: nani ataingia uzito wa chini kabisa, wa pauni mia na sita?

Micah Raske aliingia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na sauti bado ya kitoto. Desemba akapambana na Brock Tollefson kugombea nafasi hiyo mbele ya timu nzima, kama ilivyo desturi. Brock alikuwa mwaka wa mwisho. Miaka mitatu alikaa benchi akingoja wakubwa wamalize shule, maana mvumilivu hula mbivu, na walipomaliza, akaja huyu. Micah alimlaza chali kabla ya dakika mbili kwisha. Brock akampa mkono, akaenda bafuni akalia, akarudi kufanya naye mazoezi. Hakukuwa na mwingine wa uzito wao.

Mtu mwenye akili angeanza kula. Brock, hata Krismasi, alitafuna majani.

"Unajinyima kwa ajili ya nani, mwanangu?" mama yake alimwuliza.

"Kwa ajili ya Februari."

Alijua jambo moja: mtoto wa miaka kumi na mitatu hukua, atake asitake, na akizidi pauni hizo nafasi humrudia wa akiba.

Februari ikafika. Ukaja mkesha wa mashindano ya kanda; wapiganaji wangepimwa uzito kesho yake saa moja asubuhi. Jioni ile timu ilikula nyumbani kwa akina Raske. Katika timu yao, aliyezidi uzito au aliye ukingoni hufunika sahani yake tupu mezani, uso chini, ili akina mama wampite bila kumbembeleza. Brock akafunika yake, na kama kawaida meza ikacheka.

"We Brock, mchezaji wa akiba!" mmoja wao akapaza sauti. "Kesho unakwenda kupima nini, viatu vyetu?"

Kisha Micah naye akafunika ya kwake. Kicheko kikakatika. Mchana ule alikuwa amezidi pauni moja na nusu. Mama yake alisimama na bakuli la viazi na nyama ya kusaga, hajui aende wapi.

"Muulize Brock," akasema Kocha Haugen. "Huyo ndiye fundi wa mizani."

Micah akamsogelea. "Kaka, nifanyeje? Nifundishe."

Brock alizijua mbinu zote za kupunguza uzito kwa usiku mmoja. Alizianza akiwa na miaka kumi na mitano, na mara moja zilimwangusha chini ukumbini, kizunguzungu kimemshika. Akimfundisha, kesho Micah anapigana. Asipomfundisha, nafasi ni ya Brock, ya kwanza na ya mwisho maishani. Akamtazama mtoto: midomo imekauka.

"Hufanyi chochote," akasema. "Kula, dogo."

"Lakini kesho..."

"Una miaka kumi na mitatu. Una misimu minne mingine mbele yako. Kula, bwana!"

Kila neno lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomkera. Alijaribu kujua amesema kwa huruma au kwa tamaa, akashindwa. Akaifunua sahani ya Micah kwa mkono wake mwenyewe.

"Mungu akubariki, Brock," akasema mama Micah, akapakua vijiko viwili vya kujaa. Brock aliona aibu hadi masikioni.

Micah alikula kama aliyetoka kifungoni. Alipofika katikati ya sahani, akageuka.

"Na wewe je, kaka? Huli?"

"Sina njaa."

Micah akaitazama sahani ya Brock iliyofunikwa, akamtazama mwenyewe usoni, akairudia sahani. Taya zikaacha kutafuna. Akaweka uma chini. Alichokula kilikuwa kidogo. Bado angeweza kuacha, akakimbia kuzunguka uwanja, na asubuhi akapanda mizani kwa matumaini. Mezani wengine waligombania mkate, hawakuona kitu.

Mama yake akapita tena na bakuli. "Umeshiba?"

Micah akasukuma sahani mbele.

"Niongeze, mama," akasema, macho bado yako kwa Brock. "Jaza kabisa."