Hewa Ipite

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwisho wa Septemba, ukungu ulikuwa umeshavuka uzio wa ng'ombe. Kati ya vigingi vinne vilivyozunguka kitalu cha plastiki cha Odilia Silveira, viwili tu vilionekana.

Vigingi vilikuwa vya ami yake. Tibério alivipigilia mwezi wa nne, akavifunga utepe wa rangi ya chungwa, akasema bila kupandisha sauti kwamba hapo ndipo litakaposimama ghala la nyasi kavu, kama kuvu italila shamba la bangi kwa mara ya tatu. Mara ya tatu, alirudia, kisha akaenda kukamua.

Ukungu wa bonde hili hauji kama mgeni. Unakuja kama mwenye nyumba. Hupanda kutoka mdomo wa mto Eel, hulala juu ya malisho, hulamba mabati, hulamba migongo ya ng'ombe, hulamba kila ua mpaka ua liiname. Walima bangi wa mlimani, ambao huamka juu yake na kuutazama kama pamba iliyomwagwa, walimuuliza Odilia kila walipokutana naye dukani: "Dada, mwaka huu unalima bangi au uyoga?"

Alilipa, akaondoka. Aliwahi kufanya kazi maabara, akichunguza magonjwa ya mimea, na alijua kuwa kuvu ya kijivu haina chuki wala huruma. Inataka maji yaliyotulia juu ya ua, na hewa isiyotembea. Ipe vyote viwili, itakula. Inyime kimoja, itasubiri.

Kwa hiyo alitafuta mmea. Alichukua chavua ya bangi ndefu ya mlimani, yenye maua yaliyoachana, akaipaka kwenye bangi fupi iliyonukia matunda lakini maua yake yalijifumba kama ngumi. Machotara mengi yaliyoota hayakufaa kitu. Mmea mmoja ulifaa. Ulimfika kiunoni, mpana, imara, na kati ya ua na ua uliacha upenyo mwembamba kana kwamba ulikuwa umeelezwa. Akakata vipandikizi kutoka huo mmoja, akajaza kitalu.

Ewe mfupi wa mabondeni, ulinukia plamu kabla hujachanua. Jani lako likipanguswa tu, vidole vilibaki vitamu hadi wakati wa chai.

Msimu mzima kazi ilikuwa moja. Alipogoa majani ya chini: hewa ipite. Alitanua matawi kwa kamba: hewa ipite. Kila asubuhi alibeba begani ile mashine ya kupulizia majani makavu, ambayo watu wa mjini husafishia nyua zao, akaupuliza umande kutoka ua hadi ua, mpaka mikono ikafa ganzi: hewa ipite, hewa ipite. Tibério alimtazama kutoka zizini, akauliza kama hao watoto wake wakishakauka atawasuka nywele.

Sasa vitone vya utomvu juu ya maua vilikuwa vimegeuka kutoka rangi ya kioo hadi rangi ya maziwa. Zilibaki siku chache kabla ya kuvuna. Odilia alikula mkate akiwa amesimama. Alianza sentensi akaziacha katikati. Alicheka peke yake kwenye gari.

Jana yake alikwenda mjini Eureka kuchukua nyavu za kukaushia mavuno, na mvua ya kwanza ikamkuta huko. Mti ukaanguka barabarani, ikabidi alale kwa rafiki. Huku bondeni Tibério alisikia matone juu ya bati, akafanya kile ambacho mfugaji wa hapa hukifanya kabla hajafikiri: alikimbilia wadogo. Alishusha kuta za kitalu hadi chini. Aliziba kila upenyo kwa marobota ya nyasi. Aliifunga mimea kama anavyowafunga ndama.

Ndivyo Odilia alivyokikuta kitalu asubuhi hiyo, kimezibwa pande zote, plastiki ikiwa nyeupe kwa maji ya ndani.

"Hakuna upepo uliowagusa," alisema Tibério mlangoni. Alikuwa na furaha.

Odilia akafungua. Joto la kitalu likampiga usoni kama pumzi ya ng'ombe. Paa lilidondosha maji. Maua yote, moja baada ya jingine, yalikuwa yamelowa na kutulia tuli.

"Ami," alisema, "hawa si ndama."

Tibério alitazama juu, akatazama chini. Maua hakuyajua. Lakini banda lililofungwa likatoa jasho alilijua, na alijua kikohozi cha ndama kinachofuata.

"Nimewabania pumzi," alisema, akaondoka mbio.

Odilia alikuwa akiburuta robota la tatu aliposikia trekta. Nyuma yake zilipakiwa feni za zizini, pana kama magurudumu ya gari la kukokotwa, zile ambazo ng'ombe husimama chini yake siku za jua. Tibério alikuwa amezing'oa zote. Wakazifunga kwa minyororo, wakavuta waya kutoka chumba cha kukamulia, na Tibério akawasha.

Kitalu kizima kikageuka upande mmoja. Majani yakapiga makofi. Maji yakaruka, yakawapiga nyusoni, yakawapiga mdomoni, na harufu ikalipuka: plamu, kisha chungwa, kisha kitu kama pera lililopasuka juani. Odilia alipaza sauti lakini haikusikika. Tibério alishika kofia kwa mikono miwili akicheka, mzee wa miaka sabini aliyelowa hadi soksi. Hewa ilipita. Ilipita chini, ilipita katikati, ilipita kwenye kila upenyo ambao ule mmea mfupi ulikuwa umejiachia.

Feni zilizunguka mchana na usiku, hadi siku ya kuvuna.

Siku hiyo Odilia alichuma ua nene kuliko yote, akalivunja kwa vidole gumba. Kuvu huanzia ndani, kwenye kikonyo. Kijani. Akavunja la pili. Kijani. La tatu akampa ami yake.

"Nitafute nini?"

"Kahawia."

Alilisogeza karibu na macho, akaligeuza.

"Hakuna," alisema. Kisha akalinusa, ingawa hakuna aliyemwambia.

Nje, ukungu ulikuwa umevuka uzio kama kawaida, lakini sasa ulinukia plamu, na ng'ombe waliinua pua. Tibério aliingia ndani yake. Odilia alisikia mguno, kisha mbao zikigongana juu ya trekta.

"Unafanya nini, Ami?"

"Vinazuia hewa."

Kigingi cha nne kilikataa kutoka. Wakakivuta pamoja. Ukungu ulipoinuka, mashimo manne yalikuwa yameanza kujaa maji.