Aanzie Kitabu cha Kwanza

Mimi sina ugomvi na mtu anayesoma vitabu vya mapenzi au vya kupunguza tumbo. Ugomvi wangu ni na mtu anayeshika riwaya za mwandishi wetu, zote kumi na nne, zimeshikana kama ukoo mmoja, halafu anaanzia katikati. Huyo nikimwona tu damu inanichemka. Kwenye chama chetu cha wasomaji, kinachokutana kila Alhamisi katika ghorofa ya chini ya maktaba ya mji hapa Nebraska, kila mgeni huuliza swali lilelile: nianzie wapi? Wako wanaomwambia afuate miaka ya hadithi, aanze na vita vya kale vilivyoandikwa mwisho. Upuuzi mtupu. Nimeshamtoa mtu mkutanoni, na kahawa yake mkononi, kwa kusema hivyo. Chati iliyobandikwa ukutani nimeichora mimi, Nadine Sorensen, na inasema utasoma kama vilivyochapishwa, cha kwanza mpaka cha kumi na nne. Kanuni yetu ya pili ni kali zaidi: humtobolei mtu yaliyo mbele, hata akilia.

Basi mdogo wangu Lyle akafanya nini? Lyle yuko gerezani mwaka wa sita sasa, na hilo nimeshalilia, sirudii. Kwenye toroli la vitabu vya gereza akaokota kitabu cha saba, kimechanika jalada, akakisoma chote. Tena alikisoma kwa sauti, kupitia tundu la hewa ukutani, akimsomea mzee wa selo ya jirani, Orville Stamm, ambaye kisukari kilishachukua macho yake na sasa kilikuwa kinamalizia figo. Cha saba kinaisha mama mmoja, Tavia, amesimama mbele ya daraja linaloungua, mtoto mgongoni. Kinakatika hapohapo. Lyle akaniandikia: dada, tuma cha nane upesi, madaktari wamempa Mzee Orville wiki chache, na kila asubuhi anagonga ukuta kuniuliza kama yule mama alivuka.

Nilikasirika mpaka miwani ikashika ukungu. Cha saba! Hajui Tavia katoka wapi, hajui mtoto ni wa nani, hajui daraja lile lilijengwa na nani kwenye cha pili. Na cha nane kina jambo ambalo ukilijua mapema, vile sita vya mwanzo ni bora ukavitupe. Gereza lenyewe linaruhusu kifurushi kimoja kila miezi mitatu, vitabu viwili tu, vipya, vya jalada laini, vitoke dukani moja kwa moja. Nafasi adimu namna hiyo niichezee?

Winifred, mstaafu wa posta ambaye hukaa karibu nami chamani, aliniambia kwa upole nitume cha nane na kimoja chochote, mgonjwa hana muda. Nikamjibu kwamba watu wa huruma kama yeye ndio waliotujazia wasomaji wa kinyumenyume. Aliendelea na keki yake. Nikaagiza cha kwanza na cha pili, na kwa barua nikamtumia Lyle chati, nimeichora upya kwa wino wa rangi tatu.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana akapiga simu. Simu ya gereza ni dakika kumi na tano, na zote tulizitumia kugombana. Alisema vitabu vimefika, wamesoma kurasa thelathini za cha kwanza, Tavia hayumo, na Mzee Orville ameuliza hawa ni akina nani. Siku hizi hainuki kitandani, alisema, na sauti inapita kwenye tundu kwa shida.

"Basi acha vitabu," akasema. "Niambie tu wewe. Alivuka au hakuvuka?"

"Sitoboi."

"Dada, mtu anakufa."

"Ndiyo maana nisimharibie," nikasema.

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Akaniomba neno moja tu, ndiyo au hapana. Nikamwambia awe na subira, wafuate mpangilio, wakifika cha nane watanishukuru. Nilikata simu nikatembea jikoni huku na huko nikimsema peke yangu, kichwa kigumu yule, tangu utotoni hataki kuelekezwa.

Baada ya siku kumi na moja akapiga tena. Alisema Mzee Orville alifariki Ijumaa. Nikampa pole, na sikujua niongeze nini, nikauliza kama mzee aliendelea kuulizia daraja.

"Kila siku, mpaka Alhamisi," Lyle akasema. "Alhamisi nikashika hicho cha kwanza chako, nikamwambia cha nane kimefika, dada yangu kakituma. Nikawa nafunua kurasa karibu na tundu ili asikie. Nikatunga, dada. Nikamvusha Tavia na mtoto wake. Ng'ambo nikawapa nyumba na mbwa. Mzee alicheka kwa ajili ya yule mbwa."

Kanuni, chati, chama, vyote niliviona takataka, na nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia msomaji yeyote. Nikataka kumwambia pale pale.

"Lyle, sikiliza, Tavia ali..."

"Usiniambie."

"Lakini mdogo wangu..."

"Niko kitabu cha kwanza, ukurasa wa thelathini na moja," akasema taratibu. "Nafuata mpangilio wako. Usinitobolee."

Akakata, dakika kumi zikiwa bado zimebaki.

Alivuka. Liko ukurasa wa tatu wa kitabu cha nane, mstari wa pili kutoka juu, na mimi nimelijua hilo kwa miaka kumi na moja.